Siyo Mmoja, Siyo Wawili

Jambo lote lile liligharimu Sabato moja. Nimelipigia hesabu mara mbili, kama ninavyofanya na kila kitu, na jibu ni lile lile: Sabato moja ya wazee wa watu, sahani tatu nzuri, na mlango wa kabati ambao mpaka tunahama ile nyumba ulikuwa haufungiki. Sahani na mlango vinalipika. Sabato ndiyo sijui inauzwa duka gani.

Nimekumbuka kwa sababu ya pua. Biashara yangu ni mitumba: nanunua nguo za watu wa huku Kanada kwa mafurushi, nyepesi nazisafirisha Bujumbura, nzito nawauzia wageni wapya ambao ndege imewashusha katikati ya baridi wakiwa na ndala. Mwezi uliopita nilikuwa ghalani Malton, nabishana na muuzaji juu ya furushi la makoti ya wazee. Akataja bei, nikacheka. Akashusha, nikafunga mkoba wangu kama mtu anayekwenda zake. Mambo yalikuwa yananyooka. Kisha nikachomoa koti la juu nikague vifungo, na harufu ikanipiga: nafthalini ya kufukuza nondo, pipi za mnanaa, na kwa mbali kitu kama kitunguu kilichokaangwa jana. Nikasimama pale na koti puani. Muuzaji akadhani ni mbinu mpya, akashusha tena bila kuombwa. Nikalipa bila kubishana zaidi. Nilipomsimulia mume wangu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Ilikuwa harufu ya koti la mzee Moris.

Sisi tuliletwa Toronto na Wayahudi. Nikisema hivi kanisani kwetu watu hunitazama kana kwamba nimetoka moja kwa moja kwenye kitabu cha Kutoka. Si Wayahudi wote, lakini. Ni sinagogi moja dogo, dogo kweli, kwenye barabara ya Bathurst, ndani ya chumba kilichokuwa duka la viatu. Waumini wote wangeingia kwenye basi dogo na viti vikabaki. Wengi walikuwa na mvi, na wote walipenda kubishana. Hao ndio waliokaa wakaamua, sijui kwa kelele kiasi gani, kwamba watadhamini familia moja ya wakimbizi iliyoko kambini Kigoma. Watatafuta nyumba, watalipa kodi ya mwaka, watajaza kabati la jikoni, watatupeleka shule na hospitali, na baada ya hapo tusimame wenyewe. Familia hiyo ikawa sisi.

Sisi ni Mama. Furaha, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kuwa msichana. Mimi Riziki, mtoto wa darasa la pili. Na mapacha Bahati na Amani, waliokuwa bado wanakula udongo kama hukuwaangalia. Furaha si wa tumbo la Mama. Ni mtoto wa mdogo wake, aliyefia njiani siku tulipokimbia kutoka upande wa Fizi, Kongo. Mama alimwahidi pale pale kando ya njia kwamba huyu mtoto hataachwa kwa watu. Hatukuambiwa habari hiyo kama siri. Tuliijua kama tunavyojua Baba Yetu, na tulijua pia kwamba Mama angeweza kuachilia vyote mikononi mwake, isipokuwa hilo.

Jambo jingine la kumjua Mama ni hili: hahesabu watoto. Kwao mtoto hatiwi namba, kwa sababu ukimtia namba umemwonyesha kwa anayetafuta wa kuchukua. Kambini, siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza, "Una watoto wangapi?" Mama akajibu, "Niko na Furaha, na Riziki, na Bahati, na Amani." Karani akasema, "Mama, nimeuliza wangapi." Mama akasema, "Weye ndiye uko na kalamu. Miye minakupa majina, hesabu mwenyewe."

Mimi nilikuwa upande wa karani. Kambini namba ni unga. Ukiwa watano na wakuandike wanne, mmoja wenu anakula kwa macho. Kwa hiyo nilihesabu kila kitu: vikombe vya maharage, watu waliotutangulia foleni, sisi wenyewe. Mama akinisikia alikuwa ananifinya. "Weye Riziki, acha kuhesabu batu! Hatuko mbuzi!"

Uwanja wa ndege walikuja kutupokea na bango lenye jina la Mama kwa herufi za rangi rangi, kama la sherehe ya mtoto. Mbele alisimama Ruth, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati yao. Nyuma yake mzee Moris, mrefu, amepinda kidogo kama msumari uliogongwa vibaya. Pembeni yao alikuwa mwanamke wa Kihindi aliyevaa vizuri, akafungua mdomo akasema, "Karibuni sana, poleni na safari. Mimi naitwa Shirin, nimezaliwa Mwanza." Alikuwa Mwismaili wa mtaa wa Don Mills, wale wazee walikuwa wamemtafuta msema Kiswahili kila mahali na huyo ndiye waliyempata. Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akaninong'oneza, "Muhindi anasema Kiswahili kizuri kunishinda. Ile ndege imetupeleka wapi?"

Ruth akaanza kugawa makoti. La Mama, jekundu. Mawili madogo ya mapacha, sare. Moja la buluu, langu. Kisha mikono ya Ruth ikawa mitupu, na Furaha bado amesimama na sweta lake la kambini. Nilihesabu. Nikarudia. Makoti manne, watu watano. Wazee wakanong'onezana kwa Kiingereza, mmoja akajipiga paji la uso, na mzee Moris akavua koti lake mwenyewe akamvika Furaha. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Yeye akatoka nje kwenye theluji na koti la suti tu, anakohoa, anatabasamu. Watu wazima wakacheka na mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Mtu akiandaa makoti manne ametarajia watu wanne. Leo najua kwamba karatasi za Furaha zilikuwa halali kama zangu, ila zilichelewa kupitishwa, na habari kwamba tunakuja watano iliwafikia wale wazee wakati wameshamaliza kununua. Lakini nani anamweleza mtoto wa darasa la pili mambo ya karatasi? Mimi nilichokiona ni kwamba Furaha ameingia kwa mlango wa uani, na iko siku mtu atakuja kuuliza.

Walitupangishia nyumba ghorofa ya tatu, mwendo mfupi kutoka kwenye sinagogi lao. Shirin alitueleza kwa nini. Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi giza likiingia, watu hawa hawaendeshi gari, hawashiki simu, hawawashi hata taa, na walitaka hata siku hiyo waweze kutufikia kwa miguu. Siku nyingine Ruth alikuja na mifuko: mchele, kuku, soksi, sufuria. Alikuwa na namna yake. Hakumkabidhi mtu kitu mkononi. Aliingia moja kwa moja jikoni akavipanga kabatini, haraka haraka, kama mtu anayerudisha vitu alivyoazima. Mama akisema "Aksanti," Ruth alikuwa anapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Anasema usimshukuru," Shirin akatafsiri siku moja. "Wao wanaita tsedaka."

"Sadaka!" Mama akafurahi. "Hiyo neno ninaijua."

"Ndiyo, yanafanana. Ila anasema kwao maana yake ni haki. Mtu hashukuriwi kwa kukupa kilicho haki yako."

Mama akaifikiria hiyo. "Sasa kama ni haki yangu," akasema, "kichwa ya kuku iko wapi?"

Shirin alitafsiri. Ruth alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi wake. Wiki iliyofuata kuku alikuja na kichwa, na miguu pia. Mpaka leo sijui alimpata kwa nani.

Ijumaa ya pili wakatualika chakula cha jioni kwenye lile duka la viatu. Rafu bado zilikuwepo ukutani, zimejaa vitabu vya sala mahali pa viatu. Meza ndefu, kitambaa cheupe, mishumaa, mkate uliosukwa kama nywele za sherehe, na supu yenye mabonge ya unga ambayo mapacha waliyatazama kwa heshima. Shirin alikuja pia, akasimama nyuma yetu kututafsiria. Kabla ya kula mzee Moris akapita upande wetu, anatikisa kichwa kidogo kwa kila mmoja wetu, na midomo inasema kitu. Kiingereza changu kilikuwa cha siku chache tu, lakini namba nilizijua tangu kambini, na neno "not" nilikuwa nimeshaambiwa sana shuleni. Nikamvuta Shirin mkono.

"Anasema nini?"

"Anaangalia tuko wangapi ili sahani zitoshe," Shirin akasema, akimsikiliza. "Siyo mmoja." Hapo alikuwa kwa Mama. "Siyo wawili, siyo watatu." Mapacha. "Siyo wanne." Mimi. Mzee Moris akafika kwa Furaha, aliyekuwa amekaa mwisho, bado ndani ya lile koti kwa sababu hakuamini chumba chochote cha nchi hii kwamba kitabaki na joto. Akatikisa kichwa. "Siyo watano," Shirin akatafsiri.

Pale pale Ruth akamwita mzee kutoka jikoni kwa sauti ya mtu ambaye supu yake inapoa, naye akaacha akaenda. Hakuendelea na wale wengine. Aliishia kwa Furaha. Shirin akacheka: "Ni mambo yao hayo, ngoja nikueleze, wao wana..." Lakini Amani alikuwa ameshavuta kitambaa cha meza. Sahani tatu zikaenda chini kwa mpigo. Na wale wazee, badala ya kukasirika, wote wakapiga kelele kwa pamoja kama watu waliofunga bao, wengine wakapiga makofi. Ilikuwa desturi yao sahani ikivunjika. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba hapa watu wanashangilia hasara na kukataa watu kwa tabasamu, na kwamba yale maelezo ya Shirin yalifagiliwa pamoja na vigae.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, nilibaki nyuma na Furaha, ambaye namwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Koti lilikuwa linafagia theluji.

"Yaya, wamekataa watano."

"Nani kasema?"

"Yule babu. Kahesabu mpaka kwako akasema siyo."

"Labda alikuwa anahesabu vijiko."

"Nimesikia mara mbili. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili."

Tulipofika kwenye taa za barabarani Furaha akainua pindo la koti. "Usimwambie Mama," akasema. "Atagombana nao, halafu waturudishe wote."

Hapo ndipo nilipofanya biashara yangu ya kwanza Kanada. Nilimwambia hivi: wao wanataka wanne, sisi tuko watano, lakini mimi na wewe tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja. Basi mbele yao tuwe mmoja. Akija mtu wao, mmoja wetu akae sebuleni, mwingine kabatini. Tutapokezana ili isiwe dhuluma. Furaha alikuwa mkubwa kuliko mimi na angeweza kuniambia ni upuuzi. Hakuniambia. Sasa naelewa kwamba mtu anayeogopa hupokea bei yoyote anayotajiwa.

Ilifanya kazi, au niliona inafanya kazi. Ruth alikuja akanikuta mimi. Akaja tena akamkuta Furaha. Kila mara aliuliza mwingine yuko wapi, na tulijibu kwa maneno tuliyokuwa nayo: "School." "Toilet." Mama alidhani tunacheza kombolela. Kabati lilikuwa la mbao laini, Furaha ana miguu mirefu, na bawaba ya juu ikang'oka. Tangu hapo aliyekuwa ndani ilibidi aushike mlango kwa vidole asionekane.

Kisha ikaja Jumamosi. Mchana, mlango ukagongwa, nikachungulia kwenye tundu: Ruth na mzee Moris, mikono mitupu. Hawakuwa na mfuko wowote. Kambini wanaokuja na mifuko wanakuja kugawa. Wanaokuja mikono mitupu wanakuja kuhesabu. Nilimwonyesha Furaha chumba kwa kidole, zamu yake ilikuwa imefika, akaenda. Kumbe siku yao ya kupumzika hawabebi mizigo, na walikuwa wamekuja kutusalimia tu, kama jirani na jirani.

Mama akawahimiza wakae. Shirin hakuwepo, kwa hiyo tulikuwa tunachekeana. Ruth akatazama huku na huku. "Furaha?" akauliza.

"Toilet," nikasema haraka.

Lakini Amani alitoka chooni wakati ule ule akipandisha suruali. Mama akanitazama. "Furaha eko wapi?" Akaenda chumbani, mimi nyuma yake. Mlango wa kabati ulikuwa wazi umening'inia. Ndani, chini, lilikuwa koti la mzee Moris, limekunjwa vizuri, mikono imelazwa juu kama dukani. Furaha hakuwepo. Wageni walipokuwa wanavua viatu, alikuwa amepita nyuma yao akatoka.

Sijawahi kumsikia Mama akilia vile, hata njiani tulipokuwa tunakimbia. "Mutoto wa mudogo wangu!" Akatoka mbio kwenye ujia bila viatu, akiita. Nje ilikuwa ile baridi inayogandisha kope, na mtoto amekwenda na sweta. Ruth akanishika mabega akaniuliza jambo, taratibu, mara kadhaa. Nilitoa Kiingereza changu chote.

"Not five," nikamwambia, nikamwonyesha mzee. "He say not five. Furaha go."

Ruth hakuelewa. Mzee Moris alielewa. Nilimwona anaelewa: alikaa kwenye mkono wa kochi kama mzigo uliokatwa kamba.

Simu yetu ilikuwa ukutani jikoni. Ruth aliiendea, akainua mkono wa simu, akabonyeza namba. Hakusita hata kidogo. Aliwapigia polisi, akampigia Shirin, kisha akaanza kuwapigia watu wake wa sinagogi. Simu ziliita kwenye nyumba za watu ambao siku hiyo hawashiki simu, na walishika, kwa sababu kila aliyeisikia ikiita Jumamosi alijua kwamba kuna uhai wa mtu hapo. Dakika chache baadaye Bathurst ikaona kitu ambacho nadhani haijakiona tena: wazee waliovaa nguo za ibada wanaendesha magari polepole mchana wa Sabato, vioo vimeshushwa, wanaita kwa lafudhi zao, "Furaha! Furaha!" Wapita njia wasingejua. Kwa Kiswahili walikuwa wanatangaza furaha mtaa mzima, na nyuso zao kama za watu walio makaburini.

Mzee Moris alinichukua mimi. Alikwenda kwake kwa mwendo ambao si wa umri wake, akatoa gari, nikakaa na koti lake magotini, pua yangu ndani yake. Kona ya kwanza akanitazama. Nikamwonyesha mbele. Ukiacha njia ya shule, Furaha alijua njia moja tu katika nchi nzima.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lile duka la viatu, mgongo kwenye mlango uliofungwa, viganja kwapani, midomo ina rangi ambayo mdomo hautakiwi kuwa nayo. Alipomwona mzee akasimama. Alikuwa ameandaa maneno, nikajua tangu alivyonyoosha shingo kama mtu anayeingia ofisini.

"Me, not five," akasema. "Me go. Mama okay. Riziki okay." Kisha, kwa sababu bei haijakubaliwa mpaka mwenzako aitikie: "Okay?"

Mzee Moris akapiga magoti kwenye theluji, na magoti yake nilijua yanamuuma. Akamfunga koti, kifungo kwa kifungo. Alisema mengi, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine ambayo sikuijua. Kisha akashika vidole vya Furaha kimoja kimoja na kuhesabu, kwa sauti, polepole, tuelewe: Mama, moja. Bahati, mbili. Amani, tatu. Riziki, nne. Akaweka kiganja kizima juu ya kichwa cha Furaha. "Five," akasema. "Yes five. Yes. Yes five." Alirudia mpaka Furaha akaanza kutetemeka, na kutetemeka, nilikuja kujifunza baadaye, ni dalili nzuri.

Shirin alitufungulia lile fumbo nyumbani, na kikombe cha chai mkononi, huku Furaha amefungwa mablanketi kama sambusa. Wazee hawa hawahesabu watu. Ukimtia mtu namba umemwonyesha kwa jicho baya. Kwa hiyo wanapolazimika kujua wako wangapi wanalidanganya jicho: siyo mmoja, siyo wawili. Kila "siyo" ya mzee Moris ile Ijumaa ilikuwa blanketi alilokuwa anatufunika nalo, mmoja mmoja, na Furaha alifunikwa kama wengine.

Mama alisikiliza, mdomo wazi. "Kumbe banaogopa kama siye!" Akacheka, akalia, akampiga Furaha kofi dogo la begani, akamkumbatia. "Weye! Nani alikuambia uko wa kurudishwa? Nani ako na mamlaka hiyo? Hata miye mwenyewe sina." Kisha akakumbuka jambo, akageuka kwa Shirin. "Sema tena. Mzee amemuhesabu? Kwa mudomo, namba yenyewe?"

"Ndiyo, mama yangu. Ili mtoto aelewe."

Mama akashtuka kweli. Akamwinamia Furaha, akamtemea mate makavu utosini kufukuza mkosi, pu, pu, pu. Upande wa pili wa kochi mzee Moris, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa tayari ameinama na anafanya hivyo hivyo: pu, pu, pu. Wakatazamana juu ya kichwa cha mtoto. Sijui kila mmoja aliona nini kwa mwenzake. Tangu siku hiyo Mama alimwita kaka, na alimkaripia kama kaka.

Miaka baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimwomba mzee Moris radhi kwa ile Sabato. Akasema hakuna Sabato iliyovunjwa: kwa sheria yao uhai ukiwa hatarini kuendesha gari si ruhusa tu, ni amri, na asiyefanya ndiye mkosaji. Nakubali, sheria anaijua yeye. Lakini mimi nilikuwepo jikoni. Baada ya kumaliza kupiga simu, Ruth alibaki amesimama akikitazama kidole chake cha shahada, mbele na nyuma, kama mtu aliyeazima kidole cha mwingine. Alikuwa mwanamke mzee na hakuwa amewahi kubonyeza simu siku ya Sabato. Jambo kama hilo silijui kulifanyia hesabu. Wale wazee walitupa mwaka wa kodi, vitanda, madaktari, na sikumbuki hata kimoja walichokitaja. Ninachokumbuka ni kile kidole.

Sinagogi limeshafungwa, walipungua mpaka wakajiunga na wengine. Ruth alitangulia, na mzee Moris tumemzika mwaka huu, Furaha akiwa mbele, kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Hiyo ndiyo kazi yake, kutunza wazee, na siku zake za mwisho mzee alikuwa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Furaha. Alimgeuza kitandani, alimlisha, alibishana naye. Nadhani Furaha alikuwa anasubiri kazi hiyo iishe kabla ya kufikiria mambo yake.

Maana wiki mbili zilizopita alinipigia simu. Amepata mtu, nesi mzaliwa wa Lubumbashi, mtu wa heshima zake, nimeshamchunguza mara mbili. Tatizo ni kwamba anaishi Edmonton, ndege masaa manne, na Furaha ameshaomba kazi huko na ameshapata. Anaondoka mwisho wa mwezi. Anaondoka mwenyewe, kwa miguu yake, hakuna aliyemrudisha wala kumwacha, na hilo ndilo ninalotaka Mama alisikie kabla hajasikia neno jingine lolote. Lakini Furaha anasema hawezi kumwambia. Ameniachia mimi, eti mimi ndiye mwenye mdomo. Nimeshakwenda kwa Mama Jumapili mbili mfululizo. Mara zote mbili nimekaa, nimekunywa chai, nimefungua kinywa, na nimeishia kuuliza bei ya sombe, yaani kisamvu.

Basi nyinyi mliolelewa na mama wa aina hii, nisaidieni. Nianze na mchumba, au nianze na Edmonton? Na nikishasema, nikae, au niwe nimesimama karibu naye?